Mkate wa Ergash

Ujumbe wa Rano ulipofika, kwamba anakuja kukaa siku tano ili aandike kitabu cha ukoo, jambo la kwanza alilofanya Tursunboy lilikuwa kwenda kuazima choo.

Cha kwake kilikuwa cha shimo, nyuma ya zizi, mlango wake gunia. Mgeni alikuwa mwalimu wa shule kutoka Saratov, huko Urusi, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na watu wa huko wamezoea kukaa. Ng'ambo ya njia, kwa Mastura, kulikuwa na choo cha kukalia chenye vigae vya buluu, alichojengewa na mwanawe, na hakuna mtu aliyepata kuingia kijiji chetu cha Gularik, huku Uzbekistan, akatoka bila kuonyeshwa. Tursunboy alisimama mlangoni pale na tikiti mbili kwapani. Akauliza hali ya kuku, akauliza hali ya goti la Mastura, akausifu ukuta, mwisho akasema lililomleta. Mastura akakubali. Alikubali kwa sauti iliyosikika hadi msikitini, na sisi majirani tukajua kwamba binti wa Ergash anakuja, na haja ataiendea wapi.

Huyo Ergash alikuwa kaka yake Tursunboy. Aliitwa jeshi la Sovieti mwaka 1978, akiwa na miaka kumi na minane, akapelekwa Saratov, akamaliza utumishi wake, akaoa hukohuko, na kijijini hakukanyaga tena. Hakuja kwenye arusi ya mdogo wake, hakuja kumzika baba yake. Miaka miwili iliyopita moyo ulimsimama, akazikwa huko. Nyumbani alikuwa ameacha vitu viwili: mama yake, Bibi Hosiyat, ambaye sasa ana miaka themanini na minne, na mkate.

Habari ya mkate kila nyumba ya bonde letu inaijua. Kijana anayesafiri huletewa mkate mzima wa tanuri, anaung'ata mara moja, na uliobaki hutundikwa ukutani umngoje. Akirudi anaumaliza. Wengi hurudi baada ya miaka miwili, wakaulowesha kwenye chai na kuula huku wakilalamikia meno. Mkate wa Ergash ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa cheupe, kwenye msumari wa chumba cha wageni. Kila Ijumaa Bibi Hosiyat aliingia, akaugusa mfuko kwa ncha za vidole, akaomba dua, akatoka. Hata baada ya habari ya msiba aliendelea vilevile. Hakuna aliyemwuliza sasa anamngoja nani, maana Bibi Hosiyat si mtu wa kuulizwaulizwa.

Rano alifika Jumanne kwa teksi kutoka mji wa Kokand, na begi moja, daftari tatu na kinasa sauti. Alizungumza Kiuzbeki cha mtoto wa miaka saba, kwa sababu baba yake alimfundisha mpaka alipofika miaka saba, kisha akachoka. Alikuwa mrefu, mwenye haraka, na alikumbatia watu kabla hawajajiandaa. Bibi Hosiyat alimshika uso kwa mikono miwili, akamkagua.

"Paji la uso ni letu," akasema. "Mengine sijui."

Rano akaliandika hilo. Aliandika kila kitu. Alipima chumba kwa hatua, akauliza baba yake alikuwa akilala upande gani, akalipiga picha tanuri ambalo kando yake baba yake aliota moto utotoni. Tanuri lile Tursunboy alilijenga mwaka jana. Hakuna aliyekuwa na roho ya kumwambia. Wanaume wa mtaa walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akaeleza kwamba yeye ndiye aliyekuwa rafiki wa Ergash wa kufa na kuzikana, na kwamba wengine watakaokuja ni waongo watupu. Mmoja wao alizaliwa miaka mitatu baada ya Ergash kuondoka. Naye akapewa chai na kunaswa sauti.

Swali lake kubwa lilikuwa moja, na alimwuliza kila mtu: kwa nini baba hakurudi? Alisema baba yake hakupenda kuulizwa. Kila mwaka alikuwa akijibu "kiangazi kijacho", mpaka viangazi vikamwishia. Sasa kitabu kilikuwa na sura kumi na moja, na ya kumi na mbili ilikosa sababu. Sababu alipewa tele. Tursunboy akasema ni mipaka. Mwingine akasema viwanda vya Urusi havina likizo. Mke wa mchinja nyama akasema ni yule mke wa Kitatari, kisha akakumbuka kwamba anaongea na binti wa huyo mke wa Kitatari, akaomba aongezewe zabibu. Bibi Hosiyat alipoulizwa alisema, "Kula, mjukuu wangu."

Aliyekuwa akileta hizo chai na zabibu ni Muqaddas, mke wa Tursunboy. Ana miaka hamsini na mmoja, na thelathini na mmoja kati ya hiyo amekuwa mkazamwana wa nyumba ile. Ni mwanamke wa maneno machache na meno mazuri. Katika kijiji ambacho nusu ya wanawake hucheka wamefunika mdomo, yeye angeweza kucheka wazi, ila hakupata sababu nyingi za kucheka. Mwanawe wa pekee, Odil, yuko Moscow mwaka wa nne anajenga maghorofa. Mkate wa Odil uko juu ya friji, ndani ya kopo la biskuti, na juu ya kopo kuna jiwe.

Jioni ileile ya Jumanne, wote wamezunguka kitambaa cha chakula, Rano alikuja na habari ya jino.

Alisema baba yake alimsimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi na mmoja alianguka kutoka ukuta wa bustani, jino la mbele likang'oka lote. Hakuweka la bandia maisha yake yote. Rano alipokuwa mdogo, kila akipanda kitu, baba yake alikuwa akija, anafungua mdomo, anaonyesha lile pengo, bila kusema neno. Basi Rano alikuwa anashuka.

"Ni kweli, bibi?"

"La juu, mkono wa kushoto," alisema Bibi Hosiyat. "Alikuwa anaiba aprikoti zetu wenyewe."

Rano alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka hayakuwa tena ya kicheko. Akasema hiyo ndiyo hadithi ya utoto wake aipendayo kuliko zote. Kisha akauelekeza mkono ukutani. "Basi litaonekana kwenye mkate. Pengo lake. Nataka picha hiyo iwe jalada la kitabu."

Bibi Hosiyat akautazama mfuko, akamtazama mjukuu. Akasema Ijumaa baada ya sala mkate utateremshwa. Ergash hakurudi kuumaliza, lakini damu yake imekuja, na damu yake itaumaliza. Akamwamuru Tursunboy apike pilau na wanawake wa mtaa waalikwe.

Muqaddas, aliyekuwa akimimina, akaimwagia chai zabibu. Mama mkwe akamgeukia.

"Mikono imechoka, mama," alisema Muqaddas.

Mikono haikuwa imechoka. Meno yaliyokuwa kwenye mkate ule yalikuwa yake.

Aprili ya mwaka 1997, akiwa mkazamwana wa mwaka wa nne, aliambiwa apake chokaa chumba cha wageni. Akauteremsha mfuko ili usipate matone, akauweka juu ya kijiukuta cha uani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi mbili kwa mpigo, akaufungua mkate upate na jua. Aliporudi, ng'ombe mwekundu alikuwa anamalizia kutafuna. Mfuko ulikuwa chini, mzima, safi. Muqaddas akamtazama ng'ombe, ng'ombe akamtazama Muqaddas. Mama mkwe alikuwa kwenye msiba kijiji cha pili. Muqaddas akawasha tanuri, akaoka mkate mmoja, akaung'ata amesimama, akaukausha humohumo tanurini, na chokaa haijakauka, mkate ukawa umesharudi msumarini.

Kwa miaka ishirini na saba hakumwambia mtu, hata mumewe. Mwanzoni aliogopa kurudishwa kwao. Baadaye aliogopa jambo jingine. Mwaka uleule Ergash alikuwa ameandika kwamba kiangazi hicho anakuja kweli, likizo ameshapewa. Hakuja. Na Muqaddas alijua kwa nini. Hakukisia, alijua, kama anavyojua kwamba moto unaunguza. Mkate wa mtu umeliwa na ng'ombe, mwenyewe arudi kumaliza nini? Habari ya msiba ilipofika, wengine walimlilia kaka na mwana; Muqaddas alilia kama mtu aliyeua. Mama mkwe wake akawaambia majirani kwamba mkazamwana huyu ana huruma. Katika miaka yote hiyo ndiyo mara pekee aliyopata kumsifu, na Muqaddas hakujua aiweke wapi sifa ile.

Jumatano, Tursunboy na mama yake walipompeleka Rano makaburini, Muqaddas aliingia chumba cha wageni na kisu. Akautoa mkate. Alama za meno zilikuwa zimejipanga moja baada ya nyingine, nzuri, kama za tangazo la dawa ya mswaki. Akakaa nao mapajani muda mrefu, mpaka ubaya wa jambo lenyewe ukamkaa kichwani: ukitaka kuonyesha pengo la jino kwenye mkate, hupunguzi, unaongeza. Pasipo na jino, mkate hubaki. Na mkate wa miaka ishirini na saba hauongezeki. Akaurudisha, akaenda kumenya karoti.

Alhamisi alfajiri akaoka mwingine. Akaukausha, akausugua kwa chai kali na vumbi la darini mpaka ukapata uzee wa kutosha. Kilichobaki ni mtu wa kuung'ata, mtu asiye na jino la mbele, la juu, mkono wa kushoto. Tursunboy safu yote ya juu ni dhahabu. Muqaddas akaupita mtaa mzima kichwani, mdomo kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Gularik nzima mdomo uliofaa ulikuwa mmoja tu, nao ndio ule usiofungika.

Saa nne asubuhi alimvusha Rano njia kwenda kwa Mastura, kama alivyomvusha mara tatu kila siku tangu Jumanne, na kila mara Mastura alikuwa amesimama mlangoni na taulo kama mhudumu wa hoteli. Rano alipoingia kwenye vigae vya buluu, Muqaddas akautoa mkate chini ya mtandio.

"Mastura, nakuomba ung'ate hapa. Mara moja tu."

"Mkate gani huu?"

"Usiulize, shoga yangu. Ng'ata tu."

Mastura si mtu wa kuambiwa usiulize. Kabla maji hayajavutwa chooni, alikuwa ameshapata habari yote, na ng'ombe, na chokaa, na rangi ya ng'ombe. Akauzungusha mkate mikononi, akaurudisha.

"Siung'ati."

"Ni wa kuonyesha tu."

"Na wewe uliung'ata wa kuonyesha tu. Mimi nikishang'ata si lazima niondoke? Niende wapi na goti hili?" Akashusha sauti, akamshika Muqaddas mkono. Alisema kwa upole kabisa, na ndio uliouma. "Kumbe ndiyo maana hakurudi, maskini."

Muqaddas alikuwa akijiambia maneno hayo kwa miaka ishirini na saba. Hakuwahi kuyasikia kinywani mwa mtu mwingine. Akaufunika mkate, akajikaza kisabuni, akangoja mlango ufunguliwe. Rano alitoka akashukuru, Mastura akamwambia karibu tena. Kisha akamwapia Muqaddas kwa jina la Mungu kwamba hatasema, na tunakiri kwamba alijitahidi: siku ile alituambia watatu tu.

Asubuhi ya Ijumaa Muqaddas alifunga kifurushi cha nguo zake, akakiweka nyuma ya mlango wa jikoni. Wazazi wake wamekufa. Kwao sasa ni kwa kaka yake, na kwa kaka yake ni kwa wifi yake, na wifi yake ana mdomo. Alihesabu kwamba akifukuzwa mchana, atapata usafiri wa kufika kabla ya magharibi. Kisha akaenda kuosha mchele.

Wanawake tulikuja kumi na wanne. Kwa kawaida Ijumaa ya pilau hufika tisa. Tulikaa kwenye magodoro ya chumba cha wageni, tukala, na aliyetaka kumtazama Muqaddas aliitazama sahani. Tulikuwa tunajua sote. Wasiojua walikuwa wenye nyumba na mgeni wao. Ustadha Karomat, mwalimu wetu wa dini, akasoma Kurani, tukaitikia amina. Bibi Hosiyat akainuka mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akautoa mfuko msumarini, akaketi, akafungua fundo, akauweka mkate juu ya kitambaa safi.

Rano akapiga magoti na kamera. Akautazama mkate kwa jicho la kamera, kisha akaishusha akautazama kwa jicho lake. Kidole chake kikapita juu ya zile alama taratibu, moja moja.

"Lipo," akasema.

Ustadha Karomat akauliza ni nini kilichopo.

"Jino. Yapo yote."

Hapo mtaa ulimsaidia Muqaddas, lazima isemwe. Kila mmoja wetu alidanganya kwa moyo safi. Mmoja akasema mkate wa moto huvimba baada ya kung'atwa na kufunika mapengo. Mke wa mchinja nyama akasema mtu mwenye huzuni hung'ata kwa magego. Ustadha akasema Mwenyezi Mungu anajua zaidi, neno ambalo haliwezi kukosolewa. Mastura alikuwa anakagua dari. Bibi Hosiyat mkono ulikuwa juu ya mkate, macho chini. Jambo lingepita. Muqaddas, amesimama mlangoni na birika, aliliona linavyopita.

Lakini Rano ni mwalimu, na amedanganywa na watoto thelathini kwa siku kwa miaka kumi na tano. Alirudi nyuma akaketi, akafungua daftari, akatafuta ukurasa.

"Basi baba alinidanganya," alisema kwa kile Kiuzbeki chake cha kitoto, polepole, akitafuta kila neno. "Jino lilivunjika huko jeshini. Labda alipigana. Labda alilewa. Hadithi ya ukuta aliitunga. Na bibi akaitikia ili kunifurahisha, kama mlivyonifurahisha na tanuri." Kumbe ya tanuri aliijua. "Mengine yake sikuyaamini sana. Hilo moja niliamini."

Akachukua kalamu akaanza kulikata.

Muqaddas akaliweka birika chini.

"Usikate," alisema. "Hakukudanganya. Hayo ni meno yangu."

Akasema yote, amesimama palepale, mikono imening'inia, maana kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kusimama chumba kile bila kitu cha kubeba. Chokaa, kijiukuta, ng'ombe, tanuri. Wa jana pia akausema, hata kuusugua kwa chai. Hakulia. Alisema mkate wa shemeji uliliwa kwa uzembe wake, na kwamba yeye ndiye aliyemfungia njia asirudi, na amekula chakula cha mama yake miaka yote hiyo bila haya. Wanawake kumi na wanne tukashangaa kama tunasikia leo. Tursunboy alikuwa ametokeza dirishani na mwiko wa pilau, akabaki ameushika hivyohivyo, mafuta yakimchuruzikia kiatuni.

Bibi Hosiyat hakuinua macho.

"Ng'ombe yupi?"

"Yule mwekundu, mama."

"Ule mwaka wa chokaa."

"Ndiyo, mama. Tisini na saba."

Tulikuwa tunamjua Bibi Hosiyat. Aliwahi kuacha kusema na dada yake miaka sita kwa ajili ya sufuria. Ustadha Karomat akaanza kusogeza midomo, pengine alikuwa anatafuta aya ya kutuliza. Bibi akamgeukia Rano.

"Wewe ni mwalimu. Baba yako aliondoka mwaka gani?"

"Sabini na nane, bibi."

"Na ng'ombe amekula tisini na saba. Katikati hapo kuna miaka mingapi?"

Rano alijibu kwa sauti ndogo. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa. Mkate ulikuwa pale kwenye msumari, na meno yake mwenyewe, na pengo lake. Niliufukuzia panya kwa mkono wangu. Treni ya kutoka huko ilikuwa ikisimama Kokand. Watoto wa wenzangu walikuwa wakishuka. Najua walikuwa wakishuka, kwa sababu nilikuwa nakwenda stesheni kila kiangazi kutazama, nikirudi nawaambia hawa nimekwenda kununua sabuni."

Tursunboy dirishani alifungua mdomo. Sabuni ile aliikumbuka. Imejaa ghalani mpaka leo.

"Umeuliza mtaa mzima kwa nini hakurudi," alisema Bibi Hosiyat. "Haya, andika. Si mpaka. Si kiwanda. Si mama yako, mwanamke wa watu, sikumjua. Si mkazamwana wangu. Na si ng'ombe. Hakuja. Alikuwa mwanangu, nilimpenda, na hakuja."

Kisha akalia. Hatukuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba, na wengi wetu tulitamani tungekuwa tumeketi karibu na mlango. Rano hakuandika. Alikuwa amepata sura yake ya kumi na mbili na haikuwa ile aliyoifuata. Alilia naye, amemshika bibi goti, akisema neno moja la Kirusi ambalo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Muqaddas alibaki amesimama. Mzigo wa miaka ishirini na saba ulikuwa umeondolewa, na pale pale aliona kilichoachwa mahali pake: kama mkate haumzuii mtu, basi haumrudishi pia, na lile jiwe juu ya kopo la Odil halizuii kitu ila panya. Sisi wenye watoto huko tulilifikiria hilo pamoja naye. Katika chumba kile, nani hana wa kwake huko?

Bibi Hosiyat alijifuta kwa ncha ya mtandio. Akagonga godoro upande wake wa kulia, mahali pa heshima, mbali na mlango.

"Muqaddas. Njoo uketi."

"Niongeze chai kwanza, mama."

"Chai ipo. Keti."

Muqaddas akaketi kama mtu anayekalia kiti cha mtu asiyekuwepo. Bibi Hosiyat akajaribu kuumega mkate, ukakataa. Akajaribu Rano, akajaribu Ustadha. Tursunboy akaitwa na nyundo ya kuvunjia sukari, akaupiga mara tatu juu ya ubao, kipande kimoja kikaruka kikaingia kwenye pilau ya Mastura, naye akakirudisha bila kusema neno, jambo ambalo bado tunalizungumza. Bibi akaimimina chai kwa mkono wake, nusu bakuli, kama anavyomiminiwa kwetu mtu wa kuheshimiwa. Akatumbukiza kipande, akangoja kilainike, akampa mkazamwana wake.

"Ni wako," alisema. "Uliung'ata wewe, na ulikuwepo. Maliza."

Muqaddas akatafuna. Ilichukua muda. Wanawake kumi na wanne na mwanamume mmoja mwenye nyundo tulimtazama anavyotafuna, na kamera ya Rano ilikuwa sakafuni.

"Ukoje?" aliuliza Bibi Hosiyat.

Muqaddas akameza.

"Hauna chumvi, mama."

"Ulikuwa na haraka," alisema Bibi Hosiyat, akalowesha kipande cha pili, akala mwenyewe.